Walioingia Mtoni kwa Zamu

Siku ile mtoni, chini ya mteremko wa Manga, tulikuwepo hawa. Mume wangu, mwinjilisti wa misheni, ambaye watu walimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kufundisha shule. Mimi mke wake, mzaliwa wa upande wa Ogembo, mwenye madarasa matatu tu. Mchungaji aliyekuwa mkubwa wa mume wangu, ambaye alikuja kutoka Kisii mjini kwa gari la misheni. Dereva wake, mtoto wa dada yake. Wanawake kumi na wanne, wote wameolewa katika ukoo mmoja, kwa hiyo wote wake wa ndugu. Kiongozi wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili, mke wa mkubwa wa ukoo ule. Na huko juu kwenye njia, mbali na maji, mjane wa mdogo wa huyo mkubwa, pamoja na binti zake wawili. Yeye alikuwa amekatazwa kushuka.

Aliyemkataza ni mimi.

Majina yao yote ninayo. Naweza kuwataja mmoja mmoja kwa safu waliyosimama, na jina la baba ya kila mmoja, na kijiji alichotoka kabla ya kuolewa. Siyaandiki kwa sababu wajukuu wao wapo, na wengine huja kwangu kuomba miche ya migomba. Lakini nisingechukua kalamu kabisa kama si hasira. Juzi juzi kijana mmoja mhubiri, viatu vinang'aa kama sufuria mpya, alisimama mbele yetu akasoma historia ya kanisa letu. Akasema kanisa la Manga lilizaliwa siku ile, kwa mavuno makubwa ya asubuhi moja. Watu wakapiga makofi. Mimi mikono yangu ilikaa mapajani. Mavuno gani? Mimi ndiye niliyewaleta wale wanawake, na najua nilivyowaleta.

Tulipelekwa Manga miaka michache baada ya uhuru. Mume wangu aliambiwa, nenda ukafungue kazi, na akapewa nyumba ya udongo ya misheni yenye kibustani cha sukumawiki nyuma yake. Shamba hatukuwa nalo. Hapakuwa na muumini hata mmoja. Watu walitusalimia vizuri, walitupa ndizi, walimsikiliza mume wangu akihubiri kwa heshima zote, halafu wakaenda zao. Mwaka wa kwanza ukapita hivyo. Wa pili ukapita hivyo. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitembea nyumba hadi nyumba, akaketi na wagonjwa, akazika watoto wa watu, akarudi na matope mpaka magotini. Nikimuuliza, "Leo vipi?" alijibu, "Leo nimesalimia."

Mtu wa kwanza kuamini alikuwa yule mjane. Mumewe alikufa kwa homa, akamwachia binti wawili na kipande kizuri cha ardhi chenye wimbi, ile nafaka ya ulezi, na pareto. Kwa desturi ya wakati ule, mjane kijana hukaa na ndugu wa marehemu, na ndugu huyo huwa kama mume. Yeye alikuwa amesikia mahubiri ya mume wangu nyuma ya ukuta wa jikoni kwake, miezi kadhaa, bila sisi kujua. Siku wazee walipokuja kumwambia shemeji yake yuko tayari, alisema hapana. Akasema ameamini, na mke wa pili wa mtu hatakuwa.

Sasa hivi ukisema hivyo wanakupigia makofi. Wakati ule walimtoa kwenye egesangio.

Wasiojua niwaeleze. Egesangio ni kikundi cha zamu. Leo wanawake wote wanapalilia shamba lako, kesho la mwenzako, keshokutwa la yule, mpaka mzunguko uishe. Mwenye zamu huwapa wenzake chakula. Ukienda kwa mtu, lazima aje kwako. Asipokuja, jina lake limeharibika mpaka kwa wajukuu. Na wimbi bila egesangio ni kilio. Si mahindi haya ya kupiga jembe umesimama. Unachuchumaa na kijembe kidogo, unatambaa mstari kwa mstari, na kuna gugu linalofanana na wimbi kama pacha. Ukikosea unang'oa chakula unaacha gugu. Mtu mmoja hawezi kumaliza shamba la wimbi kabla magugu hayajamzidi.

Walisema mjane aliyekataa desturi mkono wake ukigusa wimbi la wenzake litaungua. Wakamwacha peke yake. Shemeji yake naye, kila wiki mbili tatu, ng'ombe wake "walipotea njia" wakaingia katika shamba lake. Kulikuwa na ua, tena wa miiba. Ng'ombe gani huyu anayefungua ua wa miiba?

Mjane huyu asionekane kama picha ya mtakatifu ukutani. Alikuwa na ulimi. Kiongozi wa egesangio, ambaye ni mke wa huyo huyo shemeji, alimpigia kelele siku moja kisimani mbele yetu sote:

"Wewe! Umemkataa mume wangu ana kasoro gani?"

"Wewe ndiye unayemjua, mong'ina," mjane akajibu, akimwita mong'ina, bibi mkubwa, kwa adabu kabisa. "Niambie wewe, nami nitajua kama nilikosea."

Wanawake walicheka mpaka mtungi mmoja ukavunjika. Hata kiongozi mwenyewe alizuia kicheko. Nadhani moyoni alifurahi kwamba mume wake hakuongezewa nyumba nyingine ya kwenda kulala. Lakini kufurahi ni kufurahi na kikundi ni kikundi. Kesho yake walipita na vijembe vyao mbele ya shamba la mjane, hawakugeuza shingo.

Basi mjane akaanza darasa la ubatizo. Alikuwa peke yake darasani. Miaka miwili mume wangu alimfundisha mtu mmoja, kila wiki, kama anafundisha mia. Kubatiza mume wangu hakuruhusiwa. Ilikuwa kazi ya Mchungaji. Tukawa tunamngoja Mchungaji.

Alipokuja, alikuja amekunja uso. Alikaa kwenye kiti chetu pekee, akanywa chai, akamwambia mume wangu nikisikia:

"Mwalimu, wenzako wa upande ule wamejaza kanisa. Wewe una nani?"

"Nina mmoja, Mchungaji. Yuko tayari."

"Mmoja!" Akaweka kikombe chini. "Na huyo mmoja ndiye amekufungia mlango. Wanawake wote wanamwogopa. Ukimtia majini yeye kwanza, hakuna atakayeingia maji hayo baada yake." Kisha akanigeukia mimi. "Mama, wewe una mikono. Ingia shambani na hao wanawake. Palilia nao. Wavute."

Mume wangu akasema, "Mchungaji, mjane naye ana shamba."

"Mjane atangoja. Ameshazoea shida."

Ameshazoea shida. Maneno hayo nimeyabeba miaka yote hii. Mtu anavumilia kwa ajili ya imani uliyomletea wewe, halafu kuvumilia kwake kunakuwa sababu ya kumwongezea.

Lakini nilienda. Sitamlaumu Mchungaji peke yake. Nilikuwa kijana, nina watoto watatu, nimechoka kuwa mke wa mtu anayesalimia tu. Nilitaka na sisi tuwe na kanisa lenye watu. Nikachukua kijembe nikaingia egesangio. Wanawake walinipokea kwa shangwe, maana nilikuwa na nguvu na sikubagua shamba. Nilipalilia kwa wote kumi na wanne. Nikarudia palizi ya pili. Magoti yangu yaliota sugu. Nilicheka nao, nikajua habari za waume zao, nikala nao obokima, ule ugali mweusi wa wimbi, kwa mboga chungu.

Na kila asubuhi njia yetu ilipita shambani kwa mjane. Nilimwona amechuchumaa na binti zake, magugu yamefika kifuani kwa yule mdogo. Siku ya kwanza nilimwamkia. Alinyanyua kichwa akasema:

"Mke wa Mwalimu, huko unakokwenda magugu yameokoka? Haya yangu ni ya nani?"

Siku ya pili nilipita nikijifanya natoa mwiba mguuni.

Sasa, mimi sikuwa na shamba. Ile bustani ya sukumawiki ungemaliza kuipalilia kabla chai haijachemka. Kwa hiyo wanawake wote kumi na wanne walikuwa na zamu yangu shingoni, na jambo hilo liliwasumbua. Kiongozi alinifuata siku moja tukinawa mikono.

"Mke wa Mwalimu, umetulimia mara mbili. Sisi si watu wa kula jasho la mgeni. Zamu yako tutaifanyia wapi?"

Ndipo nikasema. Nakumbuka hata mahali maji yalipokuwa yakidondoka kutoka kwenye viwiko vyake. Nikasema, "Njooni mtoni siku Mchungaji atakapokuja. Mbatizwe."

Alifikiri. "Wote?"

"Wote."

"Siku moja?"

"Asubuhi moja."

Akawageukia wenzake akapaza sauti. "Mmesikia? Zamu ya mke wa Mwalimu ni mtoni!" Na wao wakaitika kama wanavyoitika zamu ya mtu yeyote, hakuna aliyeuliza swali.

Nilielewa. Msiniambie pengine sikuelewa. Nilielewa pale pale kwamba wananirudishia siku yangu ya kazi, na hawana habari na jambo lingine. Ningeweza kusema, hapana mama zangu, hili si la zamu. Nikanyamaza. Nikaenda nikamwambia mume wangu, "Wamekubali, wote," na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nikamwona analia kwa furaha. Hapo sasa ningesemaje?

Mume wangu akampelekea Mchungaji habari, na Mchungaji akajibu upesi sana, yule ambaye barua zetu nyingine alikuwa anazijibu baada ya miezi. Akapanga siku. Akasema mjane asiingie majini siku hiyo. Abatizwe safari nyingine. Mume wangu alisema hawezi kumwambia mjane neno kama hilo. Nikasema nitamwambia mimi. Nilitaka jambo liishe.

Nilimkuta alfajiri. Alikuwa ameshona gauni la marekani, kile kitambaa kizito cheupe, amelifua na kulianika juu ya ua. Binti zake wamepakwa mafuta miguu. Nikamwambia. Hakuketi. Alisema tu:

"Kwa hiyo hata maji ya huyo Bwana wenu yanamwogopa mjane?"

"Si hivyo. Ni safari hii tu. Wenzako wataogopa."

"Wenzangu?" Akalivaa lile gauni pale pale mbele yangu, juu ya nguo yake ya zamani, hata vifungo akavifunga vibaya. "Mimi sijamwamini Mchungaji wenu. Nenda. Utachelewa zamu yako."

Kwa hiyo siku ile mtoni ndivyo ilivyokuwa. Wanawake walishuka wamejipanga kama tunavyojipanga shambani, kiongozi mbele, walioolewa karibuni mwisho. Walikuwa wakitaniana. Mmoja aliyeogopa maji alisukumwa na wenzake: "Ingia! Alikulimia mara mbili, leo unaogopa kulowa?" Mchungaji akawazamisha upesi upesi, mkono wake mmoja umeshika pua zao. Mume wangu aliwapokea ukingoni. Yule kiongozi alipotoka akaniuliza kwa sauti, "Haya, chakula kiko wapi?" Mchungaji akacheka, akadhani ni mzaha. Kilikuwepo: chai na mikate kutoka mjini. Wakala. Wakapigwa picha. Na huko juu kwenye njia alisimama yule mwenye gauni jeupe na vifungo vilivyopishana. Hakushuka, hakuondoka. Mume wangu alimwangalia yeye tu, mpaka Mchungaji akamwambia, "Mwalimu, tazama huku, unapigwa picha."

Siku ya ibada iliyofuata tuligonga kipande cha chuma kuita watu. Tulifagia nyumba, tukapanga magogo ya kukalia. Alikuja mjane na binti zake. Basi. Mume wangu akasema pengine kuna msiba mahali. Wiki ya pili, mjane na binti zake. Wiki ya tatu mume wangu akafunga safari kwenda kwa kiongozi wa egesangio, nami nikamfuata.

Tulimkuta anapepeta wimbi. "Mong'ina," mume wangu akamwambia, "mbona hamji? Nimewangoja."

Mama yule alishangaa kwa dhati. "Kuja wapi tena, Mwalimu? Si tulikuja?"

"Mlikuja mtoni. Ule ulikuwa mwanzo."

"Mwanzo wa nini? Mke wako alitulimia, sisi tukaja mtoni kwake, wote, hata yule mwenye mimba. Hatubaki na kitu chake." Akaweka ungo chini, sasa amekasirika kidogo. "Mwalimu, wewe ni mtu mzuri, lakini usituite mara mbili kwa zamu moja. Hata kwenu sidhani wanafanya hivyo."

Mume wangu aligeuka akanitazama mimi, na katika uso wangu akasoma kila kitu. Njia yote ya kurudi alitangulia. Nyumbani alikaa siku mbili bila kunisemesha wala kugusa chakula changu. Siku ya tatu alisema, "Uliwauzia jina la Bwana kwa palizi." Nikamjibu kwa hasira. Nikasema, "Na wewe miaka yote hii umeuza nini?" Nilimkosea. Nililijua kosa hilo likiwa bado mdomoni.

Alimwandikia Mchungaji ukweli wote. Mchungaji akaja mwenyewe. Alikuja mchana, mawingu meusi yameanza kushuka juu ya jabali la Manga. Hakuingia ndani. Aliongea amesimama karibu na gari.

"Barua yako nimesoma. Sitaki kuisoma tena. Picha imeshafika kwa wakubwa, wamefurahi, wewe unataka niwaambie nini? Kwamba wanawake walikuwa wanalima?"

"Ndiyo, Mchungaji. Ndivyo ilivyokuwa."

"Sikiliza, Mwalimu." Akalainisha sauti. "Umeteseka vya kutosha. Mungu hapendi mtu ateseke bure. Nakutoa hapa. Nakupeleka Suneka. Kuna nyumba ya mabati, kuna shule karibu, mama atapata maji bila kupanda kilima. Hapa pameshazaa, wengine watakuja kupalilia."

Nyumba ya mabati. Nisidanganye, moyo wangu uliruka. Katika nyumba yetu mvua ilikuwa inaingia mpaka kwenye godoro la watoto. Nilikuwa tayari nimeshaanza kupanga masufuria kichwani.

Mume wangu akauliza, "Na mjane?"

"Mjane gani?"

"Aliyesimama juu ya njia."

"Mwalimu! Mtu mmoja!"

"Basi mbatize leo. Wewe uko hapa. Mto uko pale. Nitamwita, atafika kabla hujavua koti."

Mchungaji akatazama mawingu. Akatazama barabara. Wenyeji wanajua barabara ya Manga ilivyokuwa mvua ikinyesha; gari lingeteleza likalala huko siku mbili. Akatazama saa. Akasema, "Mvua itanikamata. Safari nyingine." Akaingia garini, dereva akalitoa mbio, na kutoka dirishani akasema, "Jibu la Suneka nalitaka wiki hii!"

Matope. Mwanamke alikubali kutengwa, kuliwa shamba, binti zake kuitwa watoto wa mwenye mkosi, miaka miwili anajifunza peke yake. Na aliyepewa mamlaka ya kumbatiza aliogopa matope ya gurudumu. Nimezeeka, meno yamekwisha, lakini nikifika hapo nabonyeza kalamu mpaka karatasi inatoboka.

Mume wangu alisimama pale mpaka sauti ya gari ikaisha. Kisha akavua viatu, akaviweka mlangoni vizuri, akaniambia, "Nenda ukamwite."

"Huruhusiwi," nikasema. "Watakutoa."

"Najua."

"Na Suneka?"

"Nenda ukamwite, mama watoto. Wewe ndiye uliyemrudisha. Wewe ndiye umlete."

Nilikwenda nikilia. Nisiseme nililia kwa ajili ya mjane. Nililia kwa ajili ya yale mabati. Nilimkuta shambani. Nikamwambia, "Mwalimu anakuita mtoni." Akainuka, kijembe mkononi. "Mchungaji yuko?" Nikasema hayuko, ameondoka. "Wako wangapi?" Nikasema hakuna mtu. Akasema, "Ngoja nichukue gauni."

Mvua ilitupata njiani. Tulikuwa mjane, binti zake wawili, mimi, na mume wangu akiwa tayari majini mpaka kiunoni, maji yamegeuka mekundu. Kabla mjane hajashuka majini, tukasikia miguu. Ni yule kiongozi wa egesangio, amejifunika jani la mgomba, alikuwa ametuona tukipita. Akasimama ukingoni, akatazama huku na huku.

"Leo hakuna chai?" akamuuliza mjane.

"Hakuna."

"Hakuna mkate, hakuna picha?"

"Hakuna."

"Na shemeji yako akisikia, unajua atafanya nini?"

"Ameshafanya."

"Na bado unaingia?"

"Mong'ina, nishikie hii," mjane akasema, akampa shuka lake kavu, akaingia.

Mume wangu hakumzamisha upesi. Alimuuliza maswali yote, moja moja, kwa sauti ambayo mvua haikuweza kuizima, naye akajibu yote. Alipotoka majini, yule mama mrefu alimfunika shuka mwenyewe, yeye aliyekuwa miongoni mwa waliosema mkono wa mjane huunguza wimbi. Sitasema aliokoka pale. Vijana wa leo wangetaka niseme hivyo, wapate ushuhuda wa kusoma. Hakuokoka pale. Alienda zake akinung'unika kuhusu baridi. Ilichukua miaka mingi, naye alikuja akiwa mzee, akiwa amekwisha kumzika mume wake, na alipokuja hakuna aliyemvuta kwa kitu.

Misheni ilimtoa mume wangu kazini kabla ya mavuno ya wimbi. Walisema amekaidi. Nyumba wakaichukua. Mjane alitupatia chumba chake cha zamani cha kupikia, tukalala watano mahali pa mafiga. Miaka miwili nilimkasirikia mume wangu kwa ajili hiyo, na nilimkasirikia waziwazi, mpaka majirani wakaja kutupatanisha. Watoto wangu walisoma bila sare. Huyo wa pili hakumaliza. Anayeniambia kuteseka ni kutamu hajalala jikoni kwa mtu na watoto watatu.

Lakini kila asubuhi ya palizi nilichukua kijembe nikaingia shambani kwa mjane. Siku ya kwanza alininyooshea kidole kona iliyokuwa na magugu mabaya kuliko zote. "Anzia pale," akasema. Hakusema amenisamehe. Tulipalilia mpaka jua la saa nane. Siku iliyofuata alinionyesha kona nyingine. Ibada tulifanyia barazani kwake, watu wale wale wachache, mume wangu akihubiri bila cheo, bila mshahara, na miguu yake ikiendelea kusalimia nyumba hadi nyumba mpaka ilipochoka kabisa. Huyo ndiye aliyeanzisha kanisa la Manga, yeye na mjane mwenye ulimi. Mimi nililichelewesha.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Sina hakika kama Mchungaji alitazama saa kwanza au barabara kwanza. Pia binti mdogo wa mjane, ambaye sasa ni bibi kama mimi, anadai yeye ndiye aliyeshika shuka, si yule mama mrefu. Mimi namwona mama mrefu. Kama ulikuwepo, au mama yako alikusimulia tofauti, njoo nyumbani, nyumba yangu inajulikana. Niambie mahali nilipokosea, na kama ni kweli nitafuta niandike upya. Lakini usiniletee ile historia ya kusomwa kwa makofi. Niletee uliyoyaona.